Kanga na Uwanja Wake Msafi

Ya leo ni ya Kanga, bibi usafi, ambaye jani likidondoka shambani kwake usingizi haupati. Alipomaliza kuvuna, alikusanya mabua yote akayatia moto. Jirani yake, Nyungunyungu, ya kwake alikuwa akiyaburuta taratibu na kuyazika udongoni.

"Shoga, unaficha taka chini ya mkeka," Kanga alimcheka mpaka mashavu yakamning'inia. "Wakwe wakija utawaambia nini?"

"Nitawaambia yanalisha udongo. Ya kwako yanakwenda wapi?"

"Juu huko, kwa wenyewe."

"Moshi huo ni blanketi, mwenzangu. Tutajifunika sote, na joto hili."

Kanga akasonya, akaenda kutaga mayai kumi na mawili katikati ya uwanja wake mweupe. Jua la mwaka ule lilikuwa halina huruma. Kila akitoka kunywa maji, akirudi anayakuta mayai yana moto, anafurahi: wanangu wazima hao.

Siku ya kuangua ikapita kimya. Akalidonoa moja. Lilikuwa limeiva, gumu mpaka kiini.

Kanga akaenda kwa Nyungunyungu kuomba mabua ya kuwafunikia wanawe. Alipoyainua, udongo wa chini yake ulikuwa bado wa baridi.