Taa ya Mwalimu Siwema

Siku hizi mwalimu hapandi daraja mpaka wanafunzi wake wa zamani wamkumbuke wenyewe, bila kukumbushwa. Akikumbukwa, taa ya sebuleni kwake huwaka. Ya Mwalimu Siwema, aliyeufundisha mtaa wetu mzima kusoma, haijawahi kuwaka, na Ijumaa anastaafu.

Jana tulijazana kwake kumtia moyo.

"Mimi nakukumbuka, Mwalimu," Mama Kulwa akaapa.

"Wewe unaniona, mwanangu. Hiyo haihesabiwi," akacheka. "Ngoja nitoke, mnisahau kidogo, labda mtanikumbuka."

Akatoka, akafunga mlango. Sisi tukaingia kwenye umbea wa harusi ya Bi Pili, tukala pilau ya Mwalimu mpaka ukoko.

Hodi ikapigwa.

"Nani?" tukauliza.

"Mwenye nyumba," akasema Mwalimu. "Imewaka?"