Majani ya Utosini

Bi Semeni alimlaza mjukuu wake kwenye kitanda cha zahanati, akamfungua kitambaa kichwani. Majani ya mpapai aliyoyaponda asubuhi yalikuwa yamekauka juu ya utosi.

"Utosi ulibonyea, nikaubandika dawa ili upande juu," alisema. "Si umepanda kidogo, dokta?"

Dokta mwenyewe alikuwa binti anayejifunza bado, Hidaya, koti limemzidi mabega. Aliyapangusa yale majani. Palikuwa na shimo la kuenea ncha ya kidole.

"Maji amekunywa lini, bibi?"

"Maji! Mtoto anaharisha, nawe wataka nimwongezee? Kwani wewe umezaa wangapi?"

"Sijazaa."

"Haya."

"Na kunyonya?"

Bi Semeni alikikunja kile kitambaa. Mkwewe, Mwanahawa, alikuwa amesimama mlangoni, maziwa yamelowesha kifua cha gauni lake.

"Ulisema maziwa yangu ndiyo yanamharisha, mama," alisema polepole.

Hidaya alimdondoshea mtoto maji ya chumvi na sukari kwa kijiko. Yakatoka pembeni mwa mdomo. Muuguzi akaja na dripu, akatafuta mshipa mkononi, mguuni, hata kichwani, asiupate. Hidaya akaifinya ngozi ya tumbo kama alivyofundishwa, kisha akaiachia. Ilibaki imesimama.

"Mbona hairudi?" Bi Semeni aliuliza.

"Maji yamemwishia mwilini," Hidaya alimwambia muuguzi. Basi Bi Semeni akainama, akaanza kuunyoosha ule mkunjo kwa kidole gumba, taratibu, kuelekea kitovuni, kama anayenyoosha kijiguo kabla ya kumvisha mtoto.