Kompyuta Inayojiwasha Jioni

"Papa, nimefika. Usifunge geti."

Ingrid alikuwa jikoni akichambua maharage. Aliposikia maneno hayo kutoka sebuleni, alijua kazi yake imeharibika tena.

Ni kompyuta iliyosema. Xavier, kaka yake, alirekodi sauti yake kwa mzaha mashine ilipokuwa mpya, ili kila inapowaka iseme yale ambayo baba yao alimtaka kila mtu aseme akirudi nyumbani. Tangu vita vianze, baba yao, mzee Sylvère, alikuwa hafungi kufuli getini mpaka watoto wote wawe wamejitangaza. Xavier ndiye aliyekuwa akifika wa mwisho, saa ya kutotoka nje ikimgusa kisigino.

Kisha Xavier akapanda basi la Gitega, na basi likachomwa njiani. Mwaka ulipotimia, majirani wa Musaga walikuja kupanga siku ya kuondoa msiba. Mzee aliwasikiliza, akawashukuru kwa kumtembelea, akawasindikiza bila kutaja siku. Nyumba ikabaki na watu wawili wasio na la kuambiana.

Mashine ndiyo iliyowalisha. Ingrid aliwachapia wanafunzi wa chuo kikuu tasnifu zao, na sasa alikuwa na ya Valéry, ambaye alishasema wazi: asipoipata Jumatatu, ataipeleka kwa mchapaji wa mjini, na wenzake watamfuata huko. Lakini kila jioni, Ingrid akishainuka kwenda kupika, mashine ilijizima na kujiwasha. Alijifunza kuhifadhi kazi kabla ya kuinuka. Haikusaidia. Juzi sura nzima ilirudi ikiwa alama tupu zisizosomeka.

Ilias, fundi wa Buyenzi, alikuja mchana. Aliifungua, akapuliza vumbi, akakaza nyaya, akaiacha ikiwaka huku akinywa chai. Haikuzima hata mara moja.

"Inaniona mi mujinga," Ingrid alisema.

"Apana, dada. Jioni Musaga yote inawasha taa na majiko. Umeme inashuka, mashine inazimia."

Akamfungia kifaa cha kutuliza umeme. Mzee Sylvère, redio magotini, aliwatazama.

Jioni hiyo Ingrid alipika sikio likiwa sebuleni.

"Papa, nimefika. Usifunge geti."

Baadaye kidogo, huko nje, mnyororo ulilia: mzee alikuwa akifunga, kama desturi yake. Ingrid akajikuta ameshika sahani ya tatu. Akairudisha kabatini.

Jumamosi Ilias alirudi akiwa amekata shauri. Kama si umeme, basi ni virusi, na virusi havibembelezwi. Angefuta kila kitu na kuanza upya. Alimtaka Ingrid aweke pembeni chochote asichotaka kukipoteza. Ingrid alinakili kwenye disketi kila alichowahi kuchapa: tasnifu ya Valéry, barua za watu, hata mialiko ya harusi ya mwaka uliopita. Mzee alikuwa kanisani.

Kazi ilipokwisha, mashine iliwaka kwa kimuziki kifupi ilichotoka nacho kiwandani. Ingrid alisimama akikisikiliza, mkono kifuani, kama aliyesahau jambo lakini hajui ni lipi.

"Sasa iko muzima," Ilias alisema, akakusanya bisibisi zake, akawahi basi.

Jioni Ingrid alimaliza sura ya mwisho. Alihifadhi, akahifadhi tena kwenye disketi, akaenda jikoni kumenya ndizi. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi mabega yake yalilegea. Jumatatu Valéry angepata tasnifu yake.

Kimuziki kikalia sebuleni.

Alisimama, kisu mkononi. Kilinyamaza, kikalia upya. Kikanyamaza. Kikalia.

Akatoka jikoni, akakoma mlangoni. Mzee Sylvère alikuwa ameinama mbele ya mashine, kidole juu ya kitufe cha kuwashia. Mkono wa pili ulishika kufuli, nalo lilikuwa wazi.

"Geti siyafunga bado," alisema bila kugeuka. "Leo mutoto amechelewa."