Jambazi wa Kukodi

Kisu kilipogusa shingo ya mumewe, muuguzi alikaribia kucheka.

Jambazi alikuwa amechomoka nyuma ya mwamba, uso kaufunga kitambaa, akamkaba mume kabla hajageuka. Mabegi yao ya mgongoni yakaanguka. Kando ya njia ile nyembamba korongo lilikuwa wazi, mto ukinguruma huko chini. Wamechagua mahali pazuri, muuguzi aliwaza, ingawa hawajasubiri tufike kwenye maporomoko.

Yeye mwenyewe ndiye aliyemkodi. Katika safari hii ya nchi ya watu, kazi walikuwa wamegawana: mume, mwoka mikate, alibeba mizigo, mke aliongea na watu, maana ndiye aliyejibidiisha kujifunza maneno mawili matatu ya kule. Jana yake, mume akiwa amelala hotelini, alikwenda kwenye ofisi ya watalii akanunua matembezi ya siku nzima: mnara wa kale asubuhi, daraja la kamba mchana, na alasiri, huku korongoni, kuvamiwa.

"Waigizaji wetu hawajawahi kumuumiza mgeni," binti wa mapokezi alimhakikishia. "Bwana tu asijue kitu."

Bwana hakujua kitu. Mwaka uliopita kibaka aliingia kwenye duka lao la mikate, akamzaba muuguzi kofi lililomtupa chini, na mume akabaki nyuma ya kaunta, mikono juu, akimtazama mkewe akivuja damu puani. Tangu siku ile hawakugombana hata mara moja. Walipishana chumbani kama wapangaji. Kabla hawajarudi nyumbani, muuguzi alitaka kuona jambo moja tu: kifuani mwa huyu mume mna moyo au mna unga? Akiinua mikono tena, basi, kila mtu ashike hamsini zake.

"Simu! Pesa!" jambazi alifoka. Kisu kikachana ngozi kidogo, damu ikachirizika hadi kwenye kola.

"Mpe, mume wangu!" muuguzi alilia, akijitia kutetemeka. "Mpe kila kitu, atatuua!"

Mume akainua mikono.

Basi ndiyo haya, mke alijiambia. Ndoa yote imekwisha hapa, mbele ya mwigizaji.

Jambazi akamsukuma mume pembeni, akamrukia mke, akamtandika ngumi ya mdomo. Muuguzi alipiga magoti, jino likicheza. Hili halikuwamo kwenye makubaliano! Kijana anaipenda kazi yake kupita kiasi, na kesho binti wa mapokezi atamtambua muuguzi ni nani.

Ndipo aliposikia mngurumo ambao hakuwahi kuusikia ukitoka kwenye koo la mumewe.

Simba mwenda kimya ndiye mla nyama. Mikono iliyokanda unga alfajiri zote za maisha yake ilimdaka jambazi mkono wenye kisu na kuupinda mpaka mfupa ukalia. Kisu kikaanguka. Mume akamshika kichwa, akakigonga kwenye mwamba. Akakigonga tena. Kitambaa kililowa damu kikamgandia usoni.

"Mke wangu!" alikuwa akinguruma. "Unampiga mke wangu!"

Na muuguzi, tuseme ukweli, alifurahi. Alifurahi hadi machozi yakamtoka, mdomo ukiwa umejaa damu. Lakini mume hakukoma. Alimburuta yule mtu kwa ukosi hadi ukingoni, miguu ikipigapiga mawe, kichwa kikaning'inia juu ya korongo. Mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Mtoto wa watu, aliyetoka kwake kutafuta riziki, alikuwa anakufa kwa sababu ya ndoa isiyomhusu.

"Mwache! Ni mchezo!" Muuguzi alimng'ang'ania mumewe mkono kwa uzito wake wote. "Mwigizaji huyo! Nimemkodi mimi! Utaua, mume wangu!"

Mume akasita. Akamvuta yule mtu kutoka ukingoni, akamwachia. Akaitazama mikono yake, kisha akaketi chini kama gunia lililotoboka.

"Umenifanyia hivi wewe?"

"Nisamehe. Nilitaka kuona."

"Na umeona?"

"Nimeona," alisema, akambusu utosini. Mume akamkumbatia kiunoni, akaangua kilio, na mke akajua kwamba usiku huo hawatapishana.

Alipojinasua, alimwendea majeruhi. Alimfuta damu, akamfunga mkono kwa mtandio wake, akimwomba radhi kwa yale maneno machache aliyoyajua. Yule mtu alimkodolea jicho moja lililokuwa bado linafunguka, kama anayemtazama mwendawazimu.

"Umeigiza vizuri mno," muuguzi alimwambia.

Muuguzi alimsaidia kusimama. Kisha, ili ofisini wasije wakamdai kifaa chao, akaokota kisu na kukitia katika mkono wa majeruhi uliokuwa mzima. Mume alikuwa bado ameketi, amewapa mgongo, anapenga kamasi.

Sauti zikasikika kutoka upande wa maporomoko. Wanaume wawili walikuwa wakiteremka mbio, mmoja anajifunga kitambaa usoni, mwenzake ana panga la mbao kwapani.

"Tusamehe, mama!" yule wa mbele alipaza sauti, akitweta. "Tumewasubiri kule juu mpaka tukachoka. Tuanze?"