Mtu Chini ya Shabaha

Kilian, mshindi wa mashindano ya kulenga shabaha, aliigeuza sarafu ya fedha aliyotunukiwa, akaona imechongwa mtu aliyelala kifudifudi chini ya shabaha. Alimrukia Veit, fundi aliyeichonga, akamvunja pua kwa kitako cha bunduki.

"Nani kakutuma, mshenzi wewe?"

Veit alitema damu. "Mwaka jana mdogo wangu alikwenda kwenye shabaha kuonyesha tundu la risasi yako. Ukasema bunduki ilifyatuka yenyewe ikamuua. Mimi nilikuona ukimlenga."

Kilian alimwekea mtutu kifuani. "Sarafu hii itayeyushwa leo hii!"

"Ipi? Nimegonga mia tatu kama hiyo. Kila mgeni anayo yake."

Mmoja mmoja, watu uwanjani walizigeuza sarafu zao juani, kisha wakamtazama Kilian, kidole chake kingali kwenye kifyatulio.