Bamba la Profesa

Profesa alivunjika mguu akiwa katikati ya sentensi. Alikuwa jukwaani, kwenye ukumbi wa chuo, akirudi kinyumenyume ili mpiga picha ampate yeye pamoja na picha kubwa ya bamba lake ukutani. “Mfupa, ndugu zangu, si kitu cha kuchezea...” alisema, na jukwaa likaisha. Waliokaa mbele walisikia muundi ukilia kama kuni kavu.

Hata pale sakafuni hakunyamaza. “Msihuzunike!” aliwaambia waliokuwa wakimwinua. “Hii ni bahati!”

Bamba lenyewe lilikuwa kipande chembamba cha titani, cha kuunganishia mfupa uliovunjika. Madaktari wanayatumia mabamba ya aina hiyo tangu zamani. Jipya lilikuwa kile alichokipaka Profesa juu yake: peptidi, vipande vidogo mno vya protini.

“Chuma ni mgeni mwilini,” alikuwa akisema kila alipopata watu wawili na mahali pa kusimama. Aliwahi kuyasema hayo hata msibani. “Peptidi zinampigia hodi. Mfupa ukisikia hodi, unafungua mlango na kumkumbatia mgeni.”

Na ushahidi alikuwa nao. Bamba lilikuwa linajaribiwa kwa wagonjwa, na wagonjwa walikuwa wanapona. Wote walipasuliwa na daktari mmoja, dada wa mke wake, mwanamke wa maneno machache ambaye akisifiwa hutazama kucha zake. Wa kwanza kabisa alikuwa mama mzazi wa dada hao wawili, aliyeteleza bafuni. Sasa bibi alipanda ngazi bila fimbo, na Profesa alimpeleka kwenye kila mkutano, akamtembeza mbele ya watu kama gari jipya.

“Mama, hebu rudia kidogo, hawa wa nyuma hawajaona.”

“Mwanangu,” bibi alimjibu siku moja, “nimetembea mpaka nimechoka kupona.”

Basi, hospitalini waandishi wa habari walifika kabla picha ya eksirei haijatoka. Walimkuta Profesa kitandani, mguu umefungwa kwa vibao, koti la suti bado liko mwilini, tai imenyooka.

“Nitawekewa bamba langu!” alitangaza. “Mpishi asiyeonja chungu chake, nani ale kwake?”

Wakapiga makofi. Muuguzi akawakumbusha kwamba hiyo ni wodi.

Mke wake alimsogelea na kitambaa. “Baba watoto, punguza maneno. Unatoka jasho.”

“Jasho la furaha.”

“Furaha gani hiyo inayotetemesha midomo?”

Bibi naye alikuja, kwa miguu yake, akamshika mkono mkwewe. “Usiogope, mwanangu. Mbona mimi nimepona? Hodi yako ilisikika.”

Profesa alicheka kwa meno tu, macho hayakushiriki.

Mara shemeji yake akaingia, tayari amevaa nguo za kijani za chumba cha upasuaji. Aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama, akamgeukia mgonjwa.

“Shemeji, nikuwekee lako?”

Kamera zote ziliinuka.

“Sasa la nani tena?” Profesa alisema kwa sauti iliyofika mpaka varanda. “Langu! Nililompa mama mkwe ndilo hilo hilo nitakalolala nalo mimi.”

Daktari alimtazama kidogo zaidi ya inavyohitajika. “Haya,” alisema.

Kitanda kikasukumwa. Profesa aliwapungia watu mkono mpaka milango miwili ya chumba cha upasuaji ilipojifunga nyuma yake. Hapo mkono ukaanguka kifuani. Alimwomba muuguzi atoke kidogo, ana jambo la kifamilia.

“Shemeji.”

“Sema.”

“Yale mabamba ya kawaida... yapo?”

“Yapo.”

“Niwekee hilo.”

Daktari aliendelea kunawa mikono. “Na waandishi?”

“Waambie ni langu. Kwani nani atanipasua aangalie?” Alijaribu kucheka, kikatoka kikohozi. “Wewe hukuwaona wale kondoo wa maabara. Mifupa ilioza kuzunguka bamba, ikalainika kama biskuti ndani ya chai. Nikasema, hao ni kondoo. Mtu ni kitu kingine.”

“Ukalileta kwangu nimwekee mama.”

“Na si amepona? Wote wamepona! Kwa nini, sijui. Nikiulizwa nasema hodi, nasema mlango, lakini naapa sijui.” Alimvuta nguo kama mtoto anayeachwa shuleni siku ya kwanza. “Lakini huu ni mguu wangu, shemeji. Mguu wangu mimi!”

Daktari alijikausha mikono, akavaa glovu moja, kisha ya pili.

“Wale kondoo niliwaona,” alisema. “Bamba lako halijawahi kuingia kwenye mguu wa mtu yeyote.”