Mluzi wa Mama Pimbi

Zama zile ngurumo ilipokuwa ndiyo lugha ya wakubwa, Pimbi wa miambani aliuonea haya mluzi wa ukoo wake. Barazani kwa Chui, asiyenguruma hakupewa nafasi ya kusema. Basi akamfundisha bintiye kunguruma tu.

Siku moja binti akiota jua, Tai akashuka. Mama akanguruma kutoka mlangoni mwa pango, "Kimbia, mwanangu." Binti akadhani ni somo, akanguruma naye, akabaki palepale. Ndipo mluzi ukamtoka mama bila kukusudia. Binti akachomoka, akamwangukia kifuani, na kucha za Tai zikakwaruza mwamba mtupu.

"Nani alikufundisha mluzi?" mama akauliza.

"Wewe, mama. Kila ukisinzia unaupiga, nami nakujia kifuani, ndipo ninapopata usingizi."